Je, Wajua? Safari ya Kisiwani kwa Mkaazi wa Eastlands

Watu wengi wa Umoja, Kayole na Buruburu husema likizo ya kisiwani ni ya watalii wanaotua kwa ndege. Wanajinyima bure. Visiwa vipo, njia ipo, na mwenye kupanga mapema hufika. Soma haya kabla ya kufunga mkoba.

Je, wajua kwamba ukishuka basi katikati ya Mombasa tayari uko kisiwani? Mji ule umezungukwa na maji. Magari ya Nairobi huingia kupitia Makupa, ya Malindi hupita Daraja la Nyali lililofunguliwa 1980, na wa Pwani Kusini huvuka kwa feri ya Likoni. Anayevuka Likoni kwa miguu halipi hata senti.

Je, wajua kwamba Nairobi yenyewe ni zao la kisiwa hicho? Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na mji ukaota pembeni mwake. Muthurwa na Makongeni ni mitaa iliyokaliwa na wafanyakazi wa reli hiyo.

Je, wajua kwamba mtaa wa Mbotela umepewa jina la mwana wa Pwani? Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Nairobi mwaka 1952, alitoka katika ukoo wa Freretown, makao ya watumwa waliokombolewa, ng'ambo tu ya kisiwa cha Mombasa. Kengele iliyowaonya wakaazi wake dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa ingalipo Kengeleni, kando ya barabara. Mkaazi wa Mbotela asipite hapo bila kusimama.

Je, wajua kwamba treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria 2017, hutoza Sh1,500 daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa tangu Januari 2024? Daraja la kwanza ni Sh4,500. Kituo chake kiko Syokimau, na treni ya jiji inayopitia Makadara na Imara Daima hukufikisha huko bila kukwama Mombasa Road. Upande wa pili utashukia Miritini, bara, kwa hiyo tenga nauli ya matatu ya kukuingiza mjini. Desemba tiketi hukauka upesi. Usingoje wiki ya Krismasi.

Je, wajua kwamba likizo ya shule ya Aprili huangukia masika? Mvua za Pwani hupamba moto Aprili na Mei, na upepo wa kusi huanza kuichafua bahari. Vyumba huwa rahisi, ila safari za boti huweza kuahirishwa. Agosti mvua huwa zimepungua, na kati ya Julai na Septemba nyangumi hupita karibu na pwani yetu. Kuanzia Desemba hadi Machi ni msimu wa kaskazi: jua kali, maji maangavu, lakini bei za Desemba hupaa. Mwenye watoto wa shule na mfuko wa kiasi atafaidi Agosti.

Je, wajua kwamba siku ya ufuoni hupangwa kwa mwezi wa angani? Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua: maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Siku hizo, mwendo wa saa nne asubuhi, utakuta maji yamerudi nyuma hadi karibu na mwamba, na mbele yako umebaki mchanga ulioloa, madimbwi yenye samaki wadogo na miba ya viumbe wa baharini inayongoja nyayo zako. Vaa viatu vya mpira utembee. Ukitaka kuogelea, ngoja alasiri. Kama leo maji yamekupwa saa nne, kesho yatakupwa karibu saa tano. Muulize mvuvi yeyote, atakwambia.

Je, wajua kwamba kitambulisho chako ni punguzo? Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, humtoza raia kiingilio cha chini kuliko mgeni. Mbuga za baharini zinazosimamiwa na KWS ni hivyo hivyo. Ukikiacha kitambulisho nyumbani Donholm, huna cha kuonyesha langoni.

Je, wajua kwamba Wasini hakuna magari? Kisiwa hiki kiko Kwale, mkabala wa Shimoni. Watu hupanda boti asubuhi hadi hifadhi ya Kisite-Mpunguti kutazama pomboo na matumbawe, kisha hurudi kijijini kula samaki na kaa. Ni safari ya siku moja kwa aliyelala Diani.

Je, wajua kwamba Lamu, mji uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, bado hubebewa mizigo na punda? Basi hukuacha Mokowe, bara, nawe ukateremka gatini na mkoba wako kuingia boti. Mjini vichochoro ni vyembamba hata punda mwenye magunia ya saruji akija, anayetembea kwa miguu hujibana ukutani. Punda hao wana zahanati yao wenyewe. Hata ukienda kwa ndege utavuka maji, kwa kuwa uwanja uko kisiwa cha Manda. Ni mji wa Waislamu wenye staha: nguo ya kuogelea ibaki ufuoni Shela, na ukiingia mjini jifunge leso au vaa dera. Uliza hali ya usalama wa barabara kabla ya kukata tiketi.

Je, wajua kwamba kitambulisho cha Kenya hukuvusha hadi Uganda na Rwanda, lakini Unguja, Zanzibar, huhitaji pasipoti? Viza Mkenya hahitaji. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Anza kushughulikia pasipoti miezi kadhaa kabla, usije ukabaki foleni huku wenzako wakishuka Forodhani.

Je, wajua kwamba visiwa si vya bahari ya chumvi pekee? Rusinga, ndani ya Ziwa Victoria, kimeunganishwa na Mbita kwa daraja, na basi la usiku kutoka Nairobi hukufikisha upande huo. Huko ndiko alikozikwa Tom Mboya, aliyekuwa mbunge wa eneo la Nairobi ambalo leo ni Kamukunji hadi alipouawa Julai 5, 1969. Huko ndiko Mary Leakey alikofukua fuvu la Proconsul mwaka 1948, kiumbe jamii ya nyani aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Ziwa halina bamvua, ila lina viboko, mamba na kichocho. Ogelea pale tu wenyeji wanapokuhakikishia.

Je, wajua kwamba chama chenu kinaweza kulipa safari hii? Watu kumi wakichanga Sh500 kila wiki, kwa wiki 40 watakuwa na Sh200,000, yaani Sh20,000 kwa kila mmoja. Mkiwa kundi, kodi ya nyumba na bei ya boti hugawanyika. Msitume pesa kwa mwenye nyumba mliyemwona kwenye picha za simu tu. Hakikisheni kwanza mahali penyewe papo na pamesajiliwa.

Je, wajua kwamba Aprili 29, 1994, zaidi ya watu 270 walikufa feri ya Mtongwe ilipopinduka Mombasa? Boti ikijaa kupita kiasi, shuka. Kama haina jaketi la kuokolea maisha kwa kila abiria, mtoto akiwemo, usipande. Hakuna aibu katika hilo.

Je, wajua kwamba taka za mtaa wako hukutangulia baharini? Mto Nairobi hupita Gikomba, Korogocho na Dandora, ukamwaga maji yake Athi, nao Athi huitwa Galana kisha Sabaki, hadi unapoingia Bahari Hindi karibu na Malindi. Plastiki zinazookotwa ufuoni ndizo mafundi wa Lamu walizotumia kuunda Flipflopi, mashua iliyozinduliwa 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka uliofuata. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya, fuo zake zikiwemo. Beba chupa ya kujaziwa maji. Na ukirudi Eastlands, usitupe taka mtoni: ufuo ulioupenda uko mwisho wa mto huohuo.