Tumbo limekataa pilipili? Wali mweupe si lazima uwe adhabu

Wacha nikuulize kitu. Umewahi kutoka kwa daktari na karatasi ya dawa mkononi, umeshafika mlangoni, halafu akakumalizia na hii: "Na usile pilipili, wala vya kukaanga. Kula chakula laini"? Unafika keja, unachemsha wali mweupe na chumvi. Siku ya kwanza unakula. Siku ya pili unakula nusu sahani. Siku ya tatu unaiangalia ile sufuria kama mtu anayekudai pesa. Siku ya nne uko kibandani, chapo na maharagwe, kachumbari kando, pilipili juu. Usiku unalala umejikunja kama kamba ya viatu.

Mimi nimefika hiyo siku ya nne mara tatu.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo ilikuwa imegoma kupatikana, nikahamia chumba kimoja na kuanza kuandika za watu mtandaoni usiku kucha. Chai ya rangi asubuhi, smoki na kachumbari saa nane, basi. Kichwa kikiuma nameza dawa ya maumivu bila kula chochote. Tumbo lilipoanza kuwaka nilidhani ni njaa tu, na njaa nilikuwa nimeizoea. Nilipoenda hospitali hatimaye, nilikuwa nimeshuka kilo 6, na zile wiki za wali mkavu zilinishusha zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeacha kula kabisa badala ya kula vibaya. Hapo ndipo shida ilipo. Mtu akichoshwa na chakula cha mgonjwa, mara nyingi harudi kwa chakula kizuri. Anarudi kwa pilipili ama analala njaa, na tumbo linaumia vilevile.

Kabla hatujawasha jiko, jambo moja. Vidonda vya tumbo havikuletwa na pilipili ya mama wa kibanda, hata kama yeye ndiye tunamlaumu. Vingi huletwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, na vingine na dawa za maumivu kama ibuprofen na aspirin zikitumiwa ovyo. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumtambua huyo bakteria, na Marshall alikuwa ameenda mbali hadi akamnywa mwenyewe kwa glasi ili watu waamini. (Mimi hata uji wa jana siamini.) Pilipili huwasha tu mahali palipokwisha kuchubuka. Kwa hivyo wali ninaokupa hapa hautibu chochote. Dawa za daktari zimalize zote. Na ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, ama uzito unashuka bila sababu, weka simu chini uende hospitali leo.

Sasa, jikoni.

Jirani yangu wa wakati huo ni mama wa Mombasa. Siku moja alinikuta nikimwaga wali kwenye ndoo ya taka, akaniuliza, "Mwanangu, haya maji ulitia nini?" Nikasema, "Chumvi tu, mama. Daktari amekataa viungo." Akacheka. Akasema daktari amekataa vinavyowasha, hajakataa vinavyonukia. Akaenda kwake akarudi na punje 3 za iliki na kijiti cha mdalasini kisichofika urefu wa kidole gumba.

Hiyo ndiyo siri yote, bana. Sisi wa bara tumezoea wali uwe mweupe kabisa halafu ladha ije juu, kwa supu ya nyanya na pilipili. Tumbo likikataa hiyo supu, tunabaki na nini? Hakuna kitu. Watu wa pwani huanza na maji. Pasua iliki kidogo, itupe kwenye maji pamoja na mdalasini, acha yachemke dakika 5 ukiwa umefunika, ndipo uweke mchele. Wali ukiiva, toa vipande vyako. Utashangaa. Sehemu kubwa ya kile tunachoita ladha ni harufu, na harufu haimchubui mtu.

Mchele wenyewe pia una maneno. Pishori ya Mwea ina harufu yake hata kabla hujaweka kitu, kwa hivyo kama pesa inaruhusu, nunua kidogo cha pishori badala ya kingi cha ule usionukia. Uoshe, uloweke dakika 20. Na usiupike ukauke punjepunje kama wa harusi. Kwa kikombe kimoja, weka maji vikombe 3 badala ya viwili, moto mdogo, ufunike. Utatoka laini kama ubwabwa wa mtoto. Marafiki wakikucheka, waache, tumbo ni lako.

Kinachonisaidia mimi kuliko vyote ni mchaichai. Yale majani marefu ambayo mama mboga hukufungia kwa ajili ya chai. Kama wewe ni mtu wa kukamulia limau kwa kila kitu, unajua uchungu wa kuambiwa uache asidi. Mchaichai una harufu ya limau lakini hauna ile asidi yake. Chukua majani matatu, yafunge fundo, yatumbukize kwenye sufuria pamoja na mchele, yatoe mwishoni. Mara ya kwanza nilipojaribu nilikula sahani mbili nikiwa nimesimama.

Tangawizi hutegemea mtu. Usiikwangue. Kata vipande 2 vyembamba, chemsha na maji, vitupe. Wengine huwatuliza kichefuchefu, wengine huwapandishia kiungulia, kwa hivyo jipime.

Kitunguu na saumu ndizo kesi ngumu, hasa kama shida yako ni gesi na tumbo kujaa zaidi ya kuwaka. Ndani yake kuna sukari fulani ziitwazo fruktani, ambazo utumbo haumeng'enyi, zinaenda kuchachuliwa na bakteria huko chini na kukufanya puto. Lakini fruktani huyeyuka kwenye maji, haziyeyuki kwenye mafuta. Umeelewa mchezo? Pasha kijiko kimoja cha mafuta, kaanga saumu nzima iliyopondwa kidogo hadi inukie, itoe yote uitupe, halafu koroga mchele kwenye hayo mafuta kabla ya kumwaga maji. Harufu imebaki, gesi imeenda na taka. Usiyahifadhi hayo mafuta kwenye chupa wiki nzima, tengeneza ya siku hiyo tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, walioanzisha lishe ya watu wenye utumbo mwepesi kukasirika, hufundisha hii mbinu. Kwa kitunguu cha majani, tumia ile sehemu ya kijani pekee, ukate juu ya wali ukishaiva.

Nazi je? Hapa najua watu wa Mombasa watanipigia kelele. Tui la kwanza ni zito, na mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Tumia tui la pili, lile jepesi, nusu tui nusu maji. Harufu ya nazi utaipata na hutalala umeegemea mito mitatu.

Ukichoka na hayo yote, chemsha mifupa ama miguu ya kuku kwa masaa mawili na shina za dania, acha supu ipoe, toa mafuta yaliyoganda juu, halafu pikia wali hiyo supu badala ya maji. Karoti iliyokwanguliwa huongeza utamu. Manjano kidogo tu, robo kijiko cha chai, hubadilisha rangi, na usidharau rangi, sahani nyeupe tupu inachosha macho kabla ya mdomo. Na ndizi mbivu! Ukila Eastleigh kwenye hoteli ya Wasomali, wali unaletwa na ndizi kando, na si pambo. Kata kipande cha ndizi kwa kila kijiko cha wali, utanishukuru. Nikiona mtu anabisha hii najua hajawahi kujaribu.

Nilichokataa ni unga wa mchuzi wa pakiti. Najua ni rahisi, unapatikana kila duka, lakini soma nyuma: mara nyingi ni chumvi nyingi, unga wa kitunguu, unga wa saumu, na wakati mwingine pilipili. Vyote unavyovikimbia, kwa pakiti moja.

Jambo la mwisho ni la sisi tusio na friji. Usipike sufuria ya siku mbili. Kuna bakteria, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa, na wali ukikaa kwenye joto la chumba huzaana na kutoa sumu ambayo hata ukipasha tena haitoki. Tumbo lako tayari lina kesi, usiliongezee. Pika kikombe kimoja, kula, maliza. Asubuhi anza upya.

Na ukijaribu kiungo kipya, jaribu kimoja tu, kidogo, kwa siku 2 au 3, kabla ya kuongeza kingine. Ukiweka vyote siku moja halafu tumbo liwake, utamlaumu nani? Mimi wiki hii niko na bizari nyembamba, ile wengine huita jira, nusu kijiko cha chai kwenye maji. Leo ni siku ya pili. Kufikia sasa tumbo limenyamaza.