Shoo za Wikendi Nyamasaria: Soma Jina Kabla ya Kuweka PIN

Wikendi ikikaribia, simu za watu wa Kisumu huanza kujaa mabango. Ohangla Ijumaa, benga Jumamosi, rumba Jumapili jioni. Bango linakufikia kupitia status ya rafiki kwenye WhatsApp: picha ya msanii, jina la klabu, saa ya kuanza, na chini kabisa namba ya kulipia tiketi. Leo tunazungumzia hiyo namba ya chini.

Shoo nyingi za huku hazifanyiki uwanjani. Zinafanyika kwenye klabu na baa za mtaani: Nyamasaria kando ya barabara ya kwenda Nairobi, Kondele, Nyalenda, au Dunga ufuoni. Mara nyingi hakuna dirisha la tiketi, kuna kijana mlangoni na namba ya simu tu. Hilo si kosa, ndivyo biashara ndogo zinavyofanya kazi. Lakini ina maana kwamba mlinzi wa kwanza wa pesa yako ni wewe mwenyewe.

Usiku mmoja, pesa aina tatu

Ukienda shoo, pesa yako hutoka kwa njia tatu, na kila moja ina mwenyewe.

1. Pesa ya mlangoni. Hii ni ya mwandalizi wa shoo, au ya klabu yenyewe kama ndiyo iliyoita bendi.

2. Pesa ya meza. Soda, bia, samaki na ugali. Hii ni ya klabu, na kwa kawaida hulipwa kwa till.

3. Pesa ya pakruok. Hii ni ya wanamuziki.

Kama wewe si mtu wa kanda ya ziwa, pakruok ni desturi ya Waluo ya kujisifu na kuwasifu wenzako katikati ya muziki. Mtu anasimama, anatoa pesa, muziki unateremka, kisha anatajwa: wuod Alego, nyar Seme, rafiki wa fulani, mume wa fulani. Akimaliza, ngoma inapanda tena. Desturi hii ilikuwepo tangu enzi za nyatiti, ile ala ya nyuzi nane, ikaingia kwenye benga, na leo inatawala kwenye ohangla. Kwa bendi ndogo, pesa hii inaweza kuamua kama mpiga ngoma atarudi nyumbani na chochote mfukoni.

Zamani noti ilibandikwa kwenye paji la uso la msanii, kila mtu akiona. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, noti nyingi zimehamia kwenye simu. Emsii anataja namba kwenye maikrofoni, wewe unatuma, anasoma jina lako. Shida ni kwamba noti ya mkononi haikosei mtu. Namba inakosea.

Jina ndilo geti lenyewe

Kabla pesa haijatoka, simu hukuonyesha jina la mtu au biashara utakayoilipa. Watu wengi huliruka kwa sababu ya haraka, kelele na giza. Usiliruke. Jiulize: hili jina ni la nani kati ya wale watatu?

Tuseme bango linasema shoo iko klabu fulani Nyamasaria, kiingilio shilingi 500. Unaweka namba, na jina linalotokea ni la mtu binafsi usiyemjua. Huenda ni mwandalizi wa kweli anayetumia laini yake. Huenda pia ni mkora aliyechukua bango halali, akafuta namba ya mwenyewe na kuweka yake. Kwa macho huwezi kutofautisha, maana picha ni ileile. Simama hapo. Pigia klabu simu, au fungua ukurasa wa msanii mwenyewe uone kama ametangaza shoo hiyo. Ukiona jina kubwa kama Prince Indah au Emma Jalamo kwenye bango, na kwake hakuna habari, subiri ulipie mlangoni.

Angalia pia aina ya namba. Ukilipa kwa till, wewe mteja hukatwi ada ya kulipa, na jina linalotokea ni la biashara. Ukituma kwa namba ya kawaida au kwa Pochi la Biashara, ada ya kutuma ni yako. Kwa hivyo klabu yenye till ikikuambia "tuma tu kwa hii namba ya kijana," uliza kwa nini.

Meseji yako ndiyo tiketi yako

Ukishalipa, unapata meseji yenye kodi ya herufi na tarakimu. Pale mlangoni, wanaangalia hiyo kodi. Usiirushe kwenye grupu ya WhatsApp kuonyesha kwamba umeshalipa. Mwingine anaweza kuionyesha mlangoni kabla yako, na ukifika unaambiwa tayari umeingia.

Watu wakijaa, mtandao nao huchoka. Meseji ikichelewa, usilipe mara ya pili. Angalia kwanza salio au taarifa fupi kupitia *334#. Na usimpe mtu simu yako "akusaidie kuandika," hata kama giza limezidi. PIN ni yako peke yako.

Sifa za Jumamosi, deni la Jumatatu

Pakruok ni tamu, na utamu wake ndio hatari yake. Jirani akitajwa, nawe unataka kutajwa. Kama umejiunga na Fuliza, salio likiisha malipo hayakatiki. Yanaendelea kwa mkopo, na mkopo una ada. Pesa yoyote itakayoingia baadaye, iwe mshahara au karo uliyotumiwa na ndugu, hukatwa deni kwanza.

Dawa ni rahisi. Kabla ya kutoka nyumbani, amua kiasi cha usiku huo. Tenga nauli ya boda boda ya kurudi isiyoguswa. Kilichobaki, furahia nacho.

Ukikosea namba

Fanya haraka. Kwa M-Pesa, tuma ile meseji ya muamala kwenda 456 kuomba pesa irudishwe. Mpokeaji akiwa ameshaitoa au kuitumia, kuirudisha ni kazi kubwa, kwa hivyo dakika chache zina maana. Ukiwa na uhakika kwamba uliyepata ni meseji ya ulaghai, ipeleke 333, ni bure kwa wateja wa Safaricom.

Neno kwa bendi na wenye klabu

Nanyi mnaibiwa. Mtu anainua simu yake juu, anaonyesha "nimetuma elfu moja," anatajwa dakika mbili nzima, na hakuna kilichoingia. Mteueni mmoja ambaye hapigi ala, kazi yake iwe kushika simu ya bendi. Jina lisomwe baada ya pesa kuonekana kwenye salio, si kwenye simu ya mteja. Meseji ya malipo ikitoka kwa namba ya kawaida ya mtu, hiyo ni feki. Tengeni pia namba ya bendi na laini binafsi ya kiongozi, ili mkigawana asubuhi kusiwe na maneno.

Na namba yenu iandikwe kwa herufi kubwa ukutani, karibu na jukwaa, pamoja na jina litakalotokea kwenye simu. Mteja akiliona ukutani na kuliona tena kwenye simu yake, anaweka PIN bila wasiwasi, na msanii anapata haki yake.