Mkimbizi Myuda na kinubi cha Waganda

Kila mmoja wetu anajua Zaburi ile ya Waisraeli waliochukuliwa utumwani Babiloni. Walitundika vinubi vyao katika miti, maana hawakuwa tena na moyo wa kuimba katika inchi ya wageni. Leo tunataka kusema juu ya Myuda mmoja wa karne iliyopita aliyefukuzwa kwao vilevile. Huyu alikuja huku kwetu Afrika, akakamata kinubi cha watu aliowakuta, akajifunza namna kinavyosema. Jina lake ni Klaus Wachsmann. Alikaa Uganda miaka ishirini, na mambo aliyoyatafuta kule yanatugusa sisi wa Kasongo na Kabambare.

Alizaliwa Berlin, katika Ujerumani, mwaka 1907. Alisoma elimu ya muziki kwa walimu wawili wenye sifa, Erich von Hornbostel na Curt Sachs. Hawa walikuwa wameandika mwaka 1914 mpango wa kugawanya vyombo vyote vya muziki vya dunia katika jamaa nne. Jamaa ya kwanza ni vyombo vinavyolia kwa mwili wao wenyewe: kengele, kayamba, likembe, hata ile ngoma ya mti mtupu isiyo na ngozi. Ya pili ni vile vinavyolia kwa ngozi. Ya tatu ni vya nyuzi, kama zeze na kinubi. Ya nne ni vile vinavyolia kwa pumzi, kama filimbi na pembe. Tuangalie vizuri: katika mpango huu kinanda kikubwa cha kanisa kinakaa jamaa moja na pembe ya wawindaji wetu. Hakuna jamaa ya vyombo vya Kikristu na jamaa nyingine ya vyombo vya kipagani. Chombo ni chombo. Mtu ndiye anayekitumia kwa wema au kwa ubaya.

Mwaka 1933 Hitler alishika utawala, na katika mwezi wa nne sheria ikawaondoa Wayuda katika kazi za serikali. Sachs, aliye Myuda, alifukuzwa. Alikimbilia Paris, kisha New York. Hornbostel alipoteza kazi yake kwa sababu mama yake alikuwa Myuda. Akafa ugenini, Cambridge, mwaka 1935. Mwanafunzi wao Wachsmann, wa ukoo wa Kiyuda pia, aliondoka akiwa kijana wa miaka 26.

Wengi walipatwa na taabu hiyo. Egon Wellesz, mtunzi mkubwa wa Vienna, alikuwa Mkatoliki, lakini ukoo wake ulikuwa wa Kiyuda, basi ubatizo haukumwokoa mbele ya watesi. Mwaka 1938 alikimbilia Uingereza, akakaa Oxford. Kwa miaka kadhaa hakutunga muziki hata kidogo. Naye alikuwa ametundika kinubi. Kisha moyo ulirudi, akaandika sinfonia tisa.

Wachsmann yeye alikwenda kwanza Fribourg, katika Uswisi, kwenye Universite inayojulikana kwa Ukatoliki wake. Pale alipata udaktari mwaka 1935. Na alichunguza nini? Nyimbo za Kanisa za zamani, zile zilizotangulia gregoriani. Sisi tuliofundishwa gregoriani katika seminari tunapashwa kufikiri juu ya jambo hili: Myuda aliyefukuzwa alipokelewa na Wakatoliki, akachungua mizizi ya nyimbo zetu, nasi Zaburi zenyewe tulizipokea kwa Wayuda.

Kutoka Uswisi alikwenda London, akasoma lugha za Kibantu, na mwaka 1937 akafika Uganda. Kwanza alifanya kazi ya mafundisho upande wa misioni za Waprotestanti. Tangu mwaka 1948 mpaka 1957 alikuwa mkubwa wa nyumba ya makumbusho ya Uganda, Kampala. Katika miaka ile alizunguka inchi na mashini ya kukamata sauti, akakusanya mamia ya nyimbo: za wafalme, za wavuvi, za wachungaji, za watoto. Hakutaka vyombo vikae kimya ndani ya sanduku la kioo. Aliweka wapiga muziki katika makumbusho yenyewe, kama Evaristo Muyinda, aliyekuwa mpiga muziki wa Kabaka, ili watu wasikie na wajifunze.

Mwaka 1950 aliandika juu ya kinubi cha Waganda, ennanga, chenye nyuzi nane. Alikuwa amepima sauti ya kila uzi kwa mashini. Tueleze maana yake. Katika ngazi yetu ya do, re, mi, hatua si sawa: tangu mi mpaka fa, na tangu si mpaka do, hatua ni ndogo; nyingine ni kubwa. Mpiga kinubi wa Buganda hukata njia ile ile, tangu sauti moja mpaka mwenzake wa juu, kwa hatua tano zinazokaribia kulingana. Wataalamu wanahesabu oktava kuwa senti 1200. Basi kila hatua yake inakaribia 240. Hakuna hatua ya namna hii katika kinanda cha Kizungu. Kwa hiyo mgeni akisikia, anasema: watu hawa wanakosea sauti. Hawakosei. Wana kipimo chao, na sikio lao linakishika sawasawa.

Je, ni mara ngapi sisi wenyewe, mapadri na makatekista, tumemkemea mzee katika korali kwamba anaharibu wimbo, kumbe alikuwa anaimba kwa kipimo cha babu zake?

Kazi ile ilionekana faida yake baadaye. Katika mwezi wa tano wa mwaka 1966 askari wa serikali walishambulia jumba la Kabaka. Ngoma za kifalme ziliharibiwa, wapiga muziki wakatawanyika, na mwaka 1967 falme zikafutwa. Muziki uliokuwa umelindwa ndani ya jumba kwa vizazi vingi ukabaki bila nyumba. Lakini sauti alizozikamata yule mkimbizi zilikuwa zimewekwa London, na katika karne hii nakala zake zimerudishwa Universite ya Makerere. Wachsmann mwenyewe alifundisha baadaye Marekani, akafa mwaka 1984.

Sasa turudi kwetu. Kanisa limekwisha kusema. Konsilio ya Vatikano ya Pili, mwaka 1963, ilitaka muziki wa kila taifa uheshimiwe na kupewa nafasi yake katika kumwabudu Mungu. Katika Kongo watu walikuwa wamekwisha kuanza: Missa Luba iliimbwa Kamina mwaka 1958, na mwaka 1988 Roma ilikubali Misa kwa namna yetu. Mlango umefunguliwa. Lakini tutaingia na nini, kama wazee wa Kasongo na Kabambare wanakufa na nyimbo zao? Vita imetawanya vijiji vingi. Mtu anayekimbia usiku anabeba mtoto na chungu, habebi ngoma.

Basi tunawaomba makatekista na waseminari mambo matatu. Kwanza, andikeni jina la kila chombo katika lugha ya kwenu, na mti au ngozi iliyokitengeneza. Pili, kamateni sauti ya wazee. Simu ya mfukoni inatosha kwa kazi iliyomlazimu Wachsmann kuzunguka na mashini yake. Tatu, ulizeni maana ya kila wimbo na wakati wake: wa arusi, wa kilio, wa kutahiri, wa kazi. Maana si kila wimbo unafaa mbele ya altare, na asiyejua maneno yake hawezi kuchagua vema. Lakini hata wimbo usiofaa kwa Misa, mwandikeni mwenye kuujua, mkauweke salama.

Mtu asiye wa kabila letu, aliyekosa kwao pa kulala, aliona kwamba muziki wa Waafrika unastahili taabu ya mwanadamu. Sisi wenye nyumba tusiwe wa mwisho kuliona jambo hilo.