Karafuu, Magendo na Hesabu ya Mhalifu

Msimu wa karafuu ukifika Pemba, mali hulala nje. Kuanzia Mkoani hadi Wete majamvi hutandikwa uani na kando ya barabara, karafuu zikapinduliwa kwa miguu zikauke sawasawa, na jioni huzolewa kabla umande haujashuka. Jamvi likiachwa peke yake saa moja tu, mwizi ameshapata pa kuanzia.

Wataalamu wa jinai wanaoitwa wahalisia wa mrengo wa kulia huanzia hapo hapo. Walipata nguvu Marekani na Uingereza miaka ya 1970 na 1980. James Q. Wilson, katika kitabu chake Thinking About Crime cha 1975, aliwapinga waliotaka kwanza umaskini uishe ndipo uhalifu upungue. Umaskini, alisema, serikali haiuondoi kwa haraka. Inachoweza ni kumfanya anayetaka kuiba aone haimlipi. Mwaka 1979 Lawrence Cohen na Marcus Felson walieleza kwamba wizi hutokea pale mwenye nia anapokutana na mali isiyo na mlinzi. Ronald Clarke na Derek Cornish nao, mwaka 1986, walimchora mhalifu kama mtu anayepima faida, taabu na uwezekano wa kukamatwa.

Tiba yao inajulikana: doria, adhabu kali na kuziba mianya. Zanzibar iliijaribu kwenye karafuu kabla ya maandishi hayo. Mkulima alitakiwa kuliuzia Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, peke yake. Kuuza kwingine kukawa magendo, na kikaundwa Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, KMKM. Enzi za Rais Abeid Karume, magendo ya karafuu yalifikia kuwa kosa la kunyongwa.

Hata hivyo karafuu ziliendelea kuvuka. Usiku, kwenye bandari bubu, magunia yalipakiwa mashuani kuelekea Shimoni, Vanga na Mombasa. Sababu haikuwa ushujaa wa mabaharia. Bei ya ng'ambo ilikuwa kubwa mno kuliko ya kituo cha ZSTC, na kisiwa kilichojaa vijito na mikoko hakichungiki chote. Adhabu nzito isiyo na uhakika wa kumpata mtu haimzuii anayejua kuhesabu.

Mwaka 2011 Serikali ya Rais Ali Mohamed Shein iligeuza hesabu upande wa pili. Bei ilipandishwa hadi kuvuka shilingi 10,000 kwa kilo, na sera ikawa mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Doria haikuondoka, lakini sasa aliyepeleka karafuu kituoni hakujiona amepunjwa, na magendo yakapungua sana. Hapo Wilson na wenzake walikuwa sahihi kuhusu hesabu, ila wengi wa wafuasi wao husoma safu moja tu, ya gharama ya kuvunja sheria. Faida ya kuifuata huisahau.

Kuna jambo jingine wasiloliona vizuri. Nadharia yao hudhani kwamba wote tumekubaliana kosa ni lipi. Anayeiba karafuu mbichi shambani kwa jirani hana wa kumtetea. Sheha na majirani watamtaja. Lakini aliyeuza Mombasa karafuu za mikarafuu yake mwenyewe, alizozichuma na kuzianika, majirani wengi hawakumwona mwizi. Walinyamaza, na polisi bila midomo ya watu ni macho mawili gizani.

Kwa hiyo anayetaka kupambana na magendo, yawe ya karafuu au ya bidhaa nyingine, na aanze kwa kuuliza tofauti ya bei ni kiasi gani na nani anafaidika nayo. Doria ije baada ya hapo, ikiwakabili wachache waliobaki, si kijiji kizima.