Je, Wajua? Draiva ya Kadi ya Michoro kwenye Linux

Je, wajua kwamba ukiweka Linux kwenye kompyuta yenye kadi ya michoro ya AMD au Intel, mara nyingi huhitaji kusakinisha draiva yoyote? Imo tayari ndani ya kiini cha Linux, na uchoraji wa pande tatu hushughulikiwa na Mesa, programu huria aliyoianzisha Brian Paul mwaka 1993.

Kwa Nvidia mambo yalikuwa magumu. Kampuni hiyo ilifunga msimbo wake kwa miaka mingi, ndipo watu wa kujitolea wakaanzisha mradi wa Nouveau. Walinasa namba ambazo draiva rasmi iliiandikia kadi, wakazilinganisha, wakabaini maana yake, kisha wakaandika draiva yao wenyewe. Kazi hiyo ya subira kubwa inastahili heshima kuliko inavyopewa. Mwaka 2010 draiva hiyo iliingia katika toleo la 2.6.33 la kiini. Mei 2022, Nvidia yenyewe ikafungua msimbo wa sehemu ya draiva inayokaa ndani ya kiini. Sehemu nyingine bado zimefungwa.

Kwenye Ubuntu, amri ya kusakinisha draiva ya Nvidia ni hii: sudo ubuntu-drivers install. Ila kama Secure Boot (ulinzi unaokagua programu kompyuta inapowaka) imewashwa, huenda ukaombwa kutunga nenosiri, na kompyuta ikiwaka upya ukakuta skrini ya buluu. Usiipite! Chagua Enroll MOK, uandike nenosiri lile lile; la sivyo kiini kitaikataa draiva. Kisha andika nvidia-smi: jina la kadi yako likitokea, draiva inafanya kazi.