Ramayana ya Mewar: kitabu kimoja, nyumba mbalimbali

Ukisikia majina ya Rama, Sita ao Hanuman, pengine ni kwa filme ya Kihindi. Lakini zamani, mbele filme ianze, ile hadisi watu walikuwa wanaiona kwa picha ndogo zenye kuchorwa kwa mkono juu ya karatasi. Leo tuongee juu ya kitabu kimoja cha namna hiyo, na safari yake.

Ramayana ni utenzi wa Wahindu wenye beti karibu 24.000, katika vitabu saba. Rama, mtoto wa mfalme, anafukuzwa kwao. Huko porini, Ravana, mfalme wa Lanka mwenye vichwa kumi, anamuiba Sita, muke wa Rama. Rama anamfuata, na jeshi la nyani linamsaidia.

Katika mwaka 1649, Jagat Singh wa Kwanza, mfalme wa Mewar (inchi ya Rajasthan, kaskazini-magharibi ya India), aliagiza hiyo hadisi yote ichorwe. Kwa nini? Wakubwa wa Mewar walikuwa wanasema wao ni wa ukoo wa Rama. Lakini katika 1568 Akbar, mfalme wa Wamughal, alikuwa amewanyanganya ngome yao ya Chittor, na katika 1615 wakakubali kuwa chini ya hao Wamughal. Kwa watu wenye kushindwa, kitabu kama hiki kilikuwa njia ya kusema: tungali tunajua sisi ni nani.

Kazi iliendelea mpaka 1653, na ilitoa picha zaidi ya 400. Fundi mkubwa mumoja aliitwa Sahibdin, na alikuwa Mwislamu. Maandishi yaliandikwa na Hirananda, mutu wa dini ya Jain. Mufalme Muhindu, mchoraji Mwislamu, mwandishi Mujain: hadisi moja iliwakutanisha.

Namna gani walichora? Rangi zilitoka katika mawe yenye kusagwa na katika mimea, zikachanganywa na utomvu wa muti ili zishike. Burashi ilikuwa ya nywele za kindi. Kisha karatasi iligeuzwa, ikasuguliwa kwa jiwe laini mpaka rangi ing'ae.

Usishangae ukiona Rama mara tatu kwenye picha moja. Hao si watu watatu: ni yeye yule, mara anaongea, mara anatembea, mara anapigana. Mchoraji anaweka asubuhi na mangaribi kwenye ukurasa mumoja, na jicho lako ndilo linatembea. Rangi ya mwili wa Rama, buluu, inakusaidia usimupoteze.

Sasa, kile kitabu kilienda wapi? Kwenye miaka ya 1820, Bhim Singh, mfalme wa Mewar, alitoa sehemu kwa James Tod, Mwingereza mwenye kuwakilisha kampuni ya Waingereza kule. Tod akaipeleka Uingereza, akamupa Duke of Sussex, mtoto wa mfalme. Katika 1844 iliuzishwa, na British Museum ikainunua. Leo iko katika British Library, London. Sehemu zingine zilibakia India, kwa mfano Mumbai. Kwa hiyo mutu wa kuanza hadisi India alipaswa kuvuka bahari ili aone vita ya Lanka.

Katika 2014, jumba la makumbusho la Mumbai na British Library walitia kurasa zao pamoja kwenye intaneti. Hapo kijana wa Udaipur aliweza kufungua telefone na kufuata Rama tangu kuzaliwa mpaka kurudi kwao. Lakini tusichanganye mambo: picha zimekutana kwenye ekra tu. Karatasi zenyewe, zile Sahibdin alishika kwa mkono wake, zingali mbali moja na ingine.