Tofauti za Ubongo Vyuoni: Suala la Istilahi

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno mawili ambayo, yakitumiwa ovyo katika barua na maagizo ya vyuo, huweza kumharibia mtu masomo au kazi. Maneno hayo ni "ugonjwa" na "upendeleo".

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa chuo kikuu atokaye Kigwa, kijiji kilichomo katika njia ya kale ya misafara iendayo Tabora. Ana disleksia, yaani husoma maandishi kwa taabu ingawa huyaelewa vyema ayasikiayo. Mfasiri akiandika kuwa kijana huyu ni "mgonjwa", karani atampeleka hospitali, ilhali alichohitaji ni muda zaidi wa mtihani. Kadhalika mtumishi mwenye usonji, asumbuliwaye na makelele ya ofisi, hahitaji likizo ya ugonjwa; ahitaji chumba kimya na maagizo yaliyoandikwa waziwazi.

Neno "usonji" limekwisha kuenea. Linalohitajika ni jina la jumla la hali hizi zote. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa ng'ambo wamekuwa na dhana izikusanyayo bila ya kuziita maradhi. "Taahira" na "punguani" hayafai, kwani yamekuwa matusi. Nao "ulemavu wa akili" wahusu hali nyingine. Twapendekeza "tofauti za ubongo", maneno ambayo mwalimu na mzazi watayaelewa bila ya kamusi.

Ama kuhusu "upendeleo", neno hili laashiria kwamba mtu amepewa asichostahili. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wahesabu kuwa ni ubaguzi kumnyima mtu mwenye ulemavu marekebisho yanayomfaa. Kwa hiyo "marekebisho stahiki" ndiyo istilahi iliyo sahihi zaidi.

Katika misafara ya zamani wapagazi hawakubeba mizigo kwa namna moja. Pembe ya ndovu ilichukuliwa begani. Vifurushi viwili viliweza kuning'inizwa kwenye mzega. Mwenye mzega hakuhesabiwa kuwa amependelewa, maadamu mzigo wake ulifika. Vivyo hivyo, muda wa ziada haumpunguzii mwanafunzi maswali ya mtihani.

Wasomaji wanakaribishwa kuyapima mapendekezo haya na kutoa maoni yao.